Karatasi ya Pauni 1,100: Vocha za chekechea, kutoka Norfolk hadi Hong Kong

Aprili 1996, wazazi wa watoto wa miaka minne katika sehemu nne za England walianza kupeleka shuleni karatasi zenye thamani ya fedha. Serikali ya Waziri Mkuu John Major iliziita vocha za elimu ya awali. Kila mtoto alikuwa na zake za mihula mitatu, jumla pauni 1,100 kwa mwaka. Mzazi aliruhusiwa kuzikabidhi kwa shule ya serikali, kwa chekechea ya mtu binafsi, au kwa kikundi cha michezo kinachoendeshwa na akina mama kwenye ukumbi wa kanisa, mradi mahali hapo pameandikishwa na pamekubali kukaguliwa. Mwenye darasa alizipeleka kwa Capita, kampuni iliyopewa kandarasi ya kusimamia mpango, na malipo yakatoka. Hata kabla mpango huo haujatimiza mwaka mmoja na nusu, ulikuwa umefutwa.

Swali lake halikufutika. Fedha ya umma kwa ajili ya mtoto wa miaka mitatu au minne apewe nani: mzazi, ili achague, au darasa, ili lifunguliwe? Taiwan ilijibu kwa vocha mwaka 2000, ikiwapa watoto wa miaka mitano walio katika chekechea binafsi dola za Taiwan 10,000 kwa mwaka. Hong Kong ilifanya hivyo mwaka 2007 na ikashikilia kwa miaka kumi. Nimeisoma historia hii kwa hamu kubwa kwa sababu inawahusu raia wasiopiga kura, wasioandamana na wasioandika barua gazetini. Kila mara watu wazima wenye nia njema wamedhani kwamba fedha ikishafika mkononi mwa mzazi, darasa litajileta lenyewe. Halijileti.

Wazo lenyewe ni kongwe. Mwaka 1792 Thomas Paine, katika sehemu ya pili ya kitabu chake kuhusu haki za binadamu, alipendekeza familia maskini za Uingereza zilipwe pauni nne kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka kumi na minne, na wazazi wabanwe kuwapeleka shule. Mwaka 1955 mwanauchumi wa Marekani Milton Friedman alilipa sura tunayoijua leo: serikali ilipie elimu lakini isiwe lazima iiendeshe; kila mzazi apewe hati ya kiasi fulani, aitumie katika shule aitakayo, na shule zishindane kumpata. Uingereza ya miaka ya 1970 ililipokea wazo hilo kwa shauku upande wa chama cha Conservative. Halmashauri ya Kent ilifanya uchunguzi wa jinsi ya kulitekeleza, na Keith Joseph, aliyekuwa waziri wa elimu wa Margaret Thatcher, alivutiwa nalo hadharani. Mwaka 1983 alitangaza mwenyewe kwamba limekufa. Shule za msingi na sekondari zilikuwa na walimu wenye vyama na halmashauri zenye nguvu, na hakuna aliyeweza kuonyesha jinsi karatasi ingeingia humo bila kuvuruga kila kitu.

Palibaki mahali pamoja ambapo pengo lilikuwa kubwa kiasi cha kukaribisha jaribio: watoto wa chini ya miaka mitano.

Msomaji wa Tanzania anaweza kuufahamu utaratibu wa vocha kwa kukumbuka hati punguzo ya vyandarua, iliyoanza mwaka 2004. Mama mjamzito alipewa hati kliniki, akaenda nayo dukani, akaongeza fedha kidogo, akatoka na chandarua. Mpango ule ulitegemea kwamba mwenye duka la kijijini anaweza kuagiza vyandarua kumi na kuviweka kwenye rafu. Chekechea haiwekwi kwenye rafu. Inataka chumba, choo kinachofaa watoto wadogo, uwanja wenye uzio, na zaidi ya yote mwalimu aliyefunzwa ambaye atakuwepo mwaka huu na mwaka kesho. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua hatima ya vocha za England.

Nchi isiyo na madarasa

Ni lazima kurudi nyuma kidogo ili kuelewa kwa nini nchi tajiri kiasi kile ilifika miaka ya 1990 bila chekechea za kutosha.

Sheria ya elimu ya mwaka 1870 iliyofungua shule za umma England na Wales iliweka umri wa kuanza kuwa miaka mitano, mdogo kuliko nchi nyingi za Ulaya. Wazazi wa tabaka la wafanyakazi walipeleka hata wadogo zaidi, maana mama alikuwa kiwandani. Kufikia mwaka 1900 karibu watoto wawili kati ya kila watano wenye miaka mitatu na minne walikuwa wamekaa madarasani. Wamekaa kweli kweli: kwenye viti vya ngazi, makumi kwa makumi, wakiimba herufi. Mwaka 1905 wakaguzi wanawake wa Bodi ya Elimu waliandika ripoti kali kuhusu hali hiyo, wakisema watoto wa umri huo hawastahili kufundishwa namna ile. Walikuwa sahihi. Lakini serikali, badala ya kuwatengenezea watoto madarasa yanayowafaa, iliziruhusu halmashauri kuwakataa. Wakarudi mitaani na majumbani, na katika miaka kumi tu idadi yao shuleni ikaporomoka.

Jibu la kweli lilitolewa na dada wawili, Rachel na Margaret McMillan. Mwaka 1914 walifungua shule ya awali ya hewa wazi huko Deptford, kusini-mashariki mwa London, mtaa wa umaskini mkubwa. Watoto waliogeshwa, walilishwa, walilala mchana, walicheza bustanini. Margaret alisisitiza kwamba mwalimu wa mtoto mdogo anahitaji mafunzo ya kina kuliko wengine wote, na baada ya Rachel kufariki mwaka 1917 aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwenyewe mwaka 1931. Ninapoandika kuhusu fedha za elimu ya awali huwarudia dada hawa, kwa kuwa walianza na mtoto na mahitaji yake ndipo wakatafuta nani alipe. Sheria ya mwaka 1918 iliziruhusu halmashauri kufungua shule za aina hiyo. Iliziruhusu tu, haikuzilazimisha, na nyingi hazikufungua.

Vita Kuu ya Pili ilileta chekechea nyingi kwa sababu viwanda vya silaha vilihitaji akina mama. Vita vilipokwisha nyingi zikafungwa. Mwaka 1960 serikali ilitoa waraka uliozuia halmashauri kupanua elimu ya awali kabisa, kwa kuwa walimu walihitajika katika madarasa ya wakubwa.

Mwaka uliofuata mama mmoja wa London, Belle Tutaev, aliandika barua kwa gazeti la Guardian. Alikuwa na mtoto mdogo na hakuona nafasi popote, basi akaanzisha kikundi cha michezo pamoja na wazazi wengine, na sasa aliwaalika wenzake nchini kote kufanya hivyo na kuidai serikali itimize wajibu wake. Barua zilimiminika. Mwaka 1962 chama cha vikundi hivyo kikaundwa, na kwa miaka thelathini iliyofuata vikundi vya michezo viliwapokea watoto wengi sana wa England. Vilikuwa asubuhi mbili tatu kwa wiki, kwenye kumbi za kukodi, meza zikikunjwa na vitu vya kuchezea vikirudishwa kabatini kila siku, na akina mama wakipokezana zamu. Ada ilikuwa ndogo, mishahara ikawa midogo zaidi. Harambee hii ya wazazi ilikusudiwa iwe daraja la kuvukia hadi serikali ifike. Serikali ilipoona daraja lipo, ikatulia.

Mwaka 1967 ripoti ya Plowden kuhusu elimu ya msingi ilipendekeza upanuzi mkubwa. Mwaka 1972 waziri wa elimu aliahidi kwamba ndani ya miaka kumi asilimia 90 ya watoto wa miaka minne na asilimia 50 ya watoto wa miaka mitatu wangepata nafasi. Waziri huyo alikuwa Margaret Thatcher. Bei ya mafuta ikapanda mwaka 1973, matumizi yakakatwa, ahadi ikabaki kwenye makabati ya wizara. Mwaka 1980, yeye akiwa Waziri Mkuu, sheria mpya iliweka wazi kwamba halmashauri hailazimiki kutoa elimu ya awali. Matokeo yake yalikuwa ramani yenye viraka. Halmashauri nyingi za miji ya viwanda zilikuwa na madarasa ya awali karibu katika kila mtaa. Wilaya za mashambani zilikuwa na ukumbi wa kijiji na akina mama wa kujitolea.

Ahadi ya Bournemouth

Mapema miaka ya 1990 shinikizo lilizidi, na sehemu yake ilitoka Marekani. Katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, watafiti wa mradi wa Perry walikuwa wamewafuatilia watoto 123 Weusi wa familia maskini tangu mwaka 1962, baadhi wakiwa wamepata elimu ya awali na wengine la. Ripoti ya mwaka 1993, watoto hao wakiwa watu wazima wa miaka 27, ilikadiria kwamba kila dola iliyotumika iliirudishia jamii takriban dola saba. Takwimu hiyo ilivuka bahari na kunukuliwa kila mahali. Kilichonukuliwa mara chache ni jinsi darasa la Perry lilivyokuwa: mwalimu mwenye shahada kwa watoto watano au sita, na ziara ya mwalimu nyumbani kwa kila familia kila wiki. Faida ile ilitokana na darasa la gharama kubwa, na mradi ule haukuipima kwa darasa la bei nafuu.

Oktoba 1994, kwenye mkutano mkuu wa Conservative mjini Bournemouth, John Major aliahidi kwamba kila mtoto wa miaka minne atapata nafasi ya elimu ya awali ikiwa wazazi wake wanataka. Ilikuwa ahadi nzuri, na iliyochelewa miaka ishirini. Suala likawa njia. Kuzipa halmashauri fedha zijenge madarasa kulimaanisha kuziamini halmashauri, nyingi zikiwa mikononi mwa wapinzani. Waliotamani vocha tangu enzi za Keith Joseph waliona mlango umefunguka, na Julai 1995 waziri wa elimu, Gillian Shephard, akatangaza mpango.

Halmashauri zilialikwa kujitolea kwa majaribio. Nne tu ndizo zilizoingia. Tatu, Westminster, Wandsworth na Kensington na Chelsea, zilikuwa za London, za Conservative, na tayari zilikuwa na nafasi nyingi kuliko sehemu nyingi za nchi. Ya nne ilikuwa Norfolk, mkoa mpana wa mashamba mashariki mwa England, wenye madarasa machache ya awali ya umma na vikundi vingi vya michezo. Kama mtu alitaka kujua vocha inafanya nini mahali penye pengo, ilimpasa kwenda Norfolk. Majaribio yalianza Aprili. Sheria yenyewe ilikamilika bungeni Julai 1996, na serikali ikaazimia kuupeleka mpango nchi nzima Aprili 1997 bila kusubiri funzo la majaribio kuiva.

Msingi wa fedha ndio uliozua vurugu. Serikali iliongeza kiasi fulani kipya, lakini sehemu kubwa ya fedha za vocha ilikatwa kutoka kwa halmashauri: kwa kila mtoto wa miaka minne aliyekuwa tayari katika shule zao walipunguziwa pauni 1,100, kisha wakaambiwa wazirudishe kwa kupata vocha. Mkuu wa shule ya msingi aliyekuwa na watoto 25 wa umri huo alijikuta amepoteza fedha zao zote kabla ya kuwapata tena mmoja mmoja. Afanye nini? Alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye jengo, mishahara ya kulipa na viti vitupu angefanya. Aliwaita watoto wa miaka minne waingie darasa la kwanza kabisa la shule yake, lile ambalo Waingereza huliita darasa la mapokezi na ambalo lilikusudiwa watoto wanaotimiza miaka mitano.

Wazazi waliitika. Shule iliwaambia, wakati mwingine kwa maneno na wakati mwingine kwa ukimya tu, kwamba mtoto asipoingia sasa huenda nafasi ya mwakani isiwepo. Katika shule ya umma vocha ililipia yote. Katika chekechea binafsi mara nyingi ilibidi kuongeza. Mzazi wa kipato kidogo hakuwa na mengi ya kuchagua. Vikundi vya michezo vikapoteza wakubwa wao wa miaka minne, ambao sasa ndio waliokuja na fedha, vikabaki na wa miaka mitatu wasio na vocha. Vilivyokuwa vikiendeshwa kwa kuunga unga vikaanza kufunga milango.

Hapa ndipo ninapoona hasara kubwa kuliko zote. Katika kikundi cha michezo kanuni ilitaka mtu mzima mmoja kwa watoto wanane. Katika darasa la awali la umma, mwalimu na msaidizi wake walikuwa na watoto 26, yaani mmoja kwa kumi na watatu. Katika darasa la mapokezi hakukuwa na kiwango hicho, na mwalimu mmoja aliweza kubaki na watoto thelathini au zaidi. Mpango uliobuniwa kumpa mtoto wa miaka minne elimu ya awali ulimtoa mahali palipokuwa na watu wazima wa kutosha, ukamkalisha kwenye dawati. Kosa lile lile ambalo wakaguzi wa mwaka 1905 walilipigia kelele lilikuwa linarudi kupitia hesabu za fedha, na hakuna aliyelikusudia.

Haki itendeke kwa mpango huo pia. Kwa mara ya kwanza serikali ya Uingereza ilikiri kwamba kila mtoto wa miaka minne, popote alipo, anastahili fedha za umma. Kwa mara ya kwanza vikundi vya michezo na chekechea binafsi vilikaguliwa na wakaguzi wa elimu, na mapema mwaka 1996 yakachapishwa malengo ya kile mtoto anachotarajiwa kukifahamu afikapo miaka mitano. Mambo hayo mawili, haki na ukaguzi, hayakuondoka tena.

Mei 1, 1997 Labour ilishinda uchaguzi kwa kishindo, vocha za nchi nzima zikiwa na mwezi mmoja tu. Waziri mpya wa elimu, David Blunkett, alitangaza mwezi huo huo kwamba zinafutwa muhula wa kiangazi ukiisha. Halmashauri ziliagizwa kukaa meza moja na chekechea binafsi na vikundi vya michezo, wahesabu watoto na nafasi zilizopo, kisha wapange nani atawapokea. Septemba 1998 kila mtoto wa miaka minne alikuwa na haki ya nafasi ya bure ya nusu siku, na kufikia mwaka 2004 haki hiyo ilikuwa imewafikia wa miaka mitatu.

Wengi husimulia kisa hiki kana kwamba kiliishia hapo, kwa ushindi wa mpango wa umma dhidi ya soko. Sikubaliani nao. Karatasi iliondoka, lakini fedha ya England iliendelea kumfuata mtoto hadi kwenye mlango wa chekechea binafsi, na inamfuata hadi leo. Tangu Septemba 2017 wazazi wanaofanya kazi wanapata saa 30 kwa wiki kwa watoto wa miaka mitatu na minne, na kufikia Septemba 2025 haki hiyo ilikuwa imeshuka hadi mtoto wa miezi tisa. Mzazi huomba kwa intaneti, anapewa namba ya tarakimu 11, anaipeleka chekechea, na kila miezi mitatu anapaswa kuithibitisha upya. Namba hiyo inafanya kazi ya vocha. Na inambagua yule anayehitaji zaidi: mtoto wa miezi tisa ambaye mzazi wake hana kazi hapati hata saa moja.

Watoto hufuata mlango uliolipiwa

Wakenya wana ushuhuda wao wa jinsi fedha inavyohamisha watoto. Mwaka 2003 serikali ya Mwai Kibaki ilifuta karo ya shule za msingi na kupeleka shuleni shilingi 1,020 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi. Nasari hazikuwemo. Karo ya nasari iliendelea kulipwa na wazazi, na ndiyo iliyokuwa mshahara wa mwalimu wake. Katika sehemu nyingi wazazi maskini wakafanya hesabu ya wazi: kwa nini kulipia nasari ilhali darasa la kwanza ni bure? Wakamweka mtoto nyumbani hadi umri ufike, au wakampeleka moja kwa moja darasa la kwanza akiwa hajawahi kushika kalamu. Nasari zikapungukiwa watoto, walimu wake wakakosa mishahara. Hakukuwa na vocha hapo, ila nguvu ni ile ile iliyofanya kazi Norfolk. Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi elimu ya awali kwa kaunti, na zile zilizoichukua kwa uzito zilianza na kazi mbili ambazo karatasi haiwezi kuzifanya: kujenga vyumba na kuajiri walimu.

Hong Kong iliichukua vocha ikiwa na sababu ambayo England haikuwa nayo. Huko hakukuwa na chekechea za serikali za kuzungumzia. Zote zilikuwa binafsi, nyingi zikiwa za makanisa na mashirika ya hisani, nyingine za biashara. Karibu kila mtoto alikuwa anakwenda, miaka mitatu kamili kabla ya shule ya msingi, na wazazi wakilipa. Oktoba 2006 kiongozi wa serikali, Donald Tsang, alitangaza kwamba kuanzia mwaka wa masomo 2007/08 kila mtoto atapewa vocha ya dola za Hong Kong 13,000 kwa mwaka, itakayopanda hadi 16,000 ifikapo 2011/12. Sehemu ya fedha hizo za mwanzo, dola 3,000, ilitengwa kwa mafunzo ya walimu. Huo ulikuwa uamuzi wa busara.

Masharti yalikuwa makali kuliko ya England. Vocha ilipokelewa tu na chekechea zisizo za faida, na ada isizidi dola 24,000 kwa nusu siku au 48,000 kwa siku nzima. Wenye chekechea za biashara na wazazi wao walipiga kelele, wakapewa miaka mitatu ya mpito. Kila chekechea iliyopokea vocha ilitakiwa kuweka wazi ada, matumizi na sifa za walimu wake, na kukaguliwa.

Wazazi walinufaika mara moja. Walimu walikuta jambo jingine kabisa. Pamoja na vocha, serikali ilifuta ngazi ya mishahara iliyokuwa ikipendekezwa kwa walimu wa chekechea, ikaacha kila chekechea ipange yake. Wakati huo huo iliwataka walimu wote wawe na cheti cha juu cha elimu ya awali ndani ya miaka mitano. Mwalimu alifundisha mchana, akasoma jioni, akajaza fomu za ukaguzi usiku, na alipohitimu hakukuwa na kanuni ya kumpandisha mshahara. Waliingia barabarani kudai ngazi irudishwe. Nadhani hakuna mahali pengine ambapo ubovu wa hesabu ya vocha ulionekana waziwazi hivi. Mwalimu anayezeeka kazini anazidi kuwa hodari na anazidi kuwa ghali, ilhali vocha ni ile ile kwa kila mtoto. Chekechea yenye walimu wa miaka ishirini ya uzoefu iliadhibiwa kwa kuwathamini.

Tena vocha ya siku nzima ilikuwa sawa na ya nusu siku, kwa hiyo mama anayefanya kazi hadi jioni, aliyelazimika kuchukua siku nzima, aliongeza zaidi kutoka mfukoni. Kodi za pango nazo zilimeza. Chekechea katika nyumba za serikali ilipanga kwa unafuu, iliyo kwenye jengo la mfanyabiashara ilipandishiwa kodi kila mkataba ulipoisha, na zote mbili zilipokea karatasi yenye thamani moja.

Vuli ya mwaka 2013 wazazi walikesha kwenye foleni huko Sheung Shui, kaskazini karibu na mpaka wa Shenzhen, wakisubiri fomu za kujiunga. Maelfu ya watoto waliozaliwa Hong Kong lakini wanaoishi upande wa pili wa mpaka walikuwa wakitafuta nafasi katika wilaya hiyo moja. Kila mzazi kwenye foleni ile alikuwa na haki ya vocha, na vyumba havikuwepo.

Aprili mwaka huo serikali mpya ya Leung Chun-ying ilikuwa imeunda kamati chini ya Moses Cheng kuangalia elimu ya awali ya bure. Ripoti ilitoka Mei 2015, na tangu mwaka wa masomo 2017/18 vocha haipo tena. Serikali inailipa chekechea moja kwa moja, ikianza na dola 33,190 kwa mwaka kwa mtoto wa nusu siku, na kuongeza kwa wa siku nzima. Kodi ya pango ina ruzuku yake. Wazazi wengi wa nusu siku hawalipi ada.

Msingi wa kuhesabu, hata hivyo, umebaki kuwa mtoto mmoja mmoja, na sasa watoto wanapungua. Mwaka 2014 walizaliwa Hong Kong watoto wapatao 62,000. Mwaka 2022 walikuwa takriban 32,500. Kila mtoto asiyekuja huondoka na ruzuku yake yote, wakati chumba kinabaki na ukubwa ule ule na mwalimu anahitajika vile vile. Chekechea zilizodumu kwa miongo zimekuwa zikifungwa, za makanisa na za hisani zikiwemo. Walimu wamewekewa viwango vya chini na vya juu vya mshahara, lakini si ngazi inayopanda kwa miaka ya kazi, na wanaendelea kuidai.